Upande Mmoja wa Blanketi Bado Uko Wazi

Mwaka mzima umepita, Shangazi, tangu mguu wako ulipoacha kukanyaga cherehani, na katika nyumba hii hakuna aliyejifunza kukaa akatulia. Wewe ulikuwa hutulii, nasi tukadhani ni tabia yako peke yako. Kumbe ulikuwa unahangaika kwa niaba yetu sote, na ulipoondoka kila mmoja alirithi fungu lake.

Hata mezani ulikuwa ukikanyaga. Kitambaa cha meza kilitikisika, vikombe vikagongana, na Baba akauliza, "Dada, sasa unashona nini huko chini?" Nawe bila kuinua macho kutoka kwenye sahani ukamjibu, "Mdomo wako."

Tunakikumbuka chumba chako cha mbele, chenye dirisha la barabarani, sare za shule zikining'inia kwenye kamba na chaki ya kuchoria imekuachia weupe hadi kwenye nyusi. Hukumrudisha mtu aliyechanikiwa nguo njiani. "Ingia nyuma ya pazia, nirushie suruali, na usichungulie nje, utaniharibia biashara." Wateja walikuita Mama Viraka, nawe uliitika kwa jina hilo kama mtu anayeitwa mheshimiwa.

Viraka vyenyewe vilikuwa ibada yako ya pili. Hakuna kipande cha kitambaa, hata kiwe kidogo kama kiganja, kilichotupwa. Vyote viliingia kwenye ule mfuko mkubwa uliopauka, uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, ambao sote tuliuita Tumbo. "Leteni Tumbo," ulisema, nasi tukajua kuna mtoto njiani katika ukoo.

Kwa kila mtoto ulishona blanketi la viraka, na kila ndugu aliye hai alipaswa kuwemo. Asiyetoa kipande chake kwa hiari alikatiwa. Baba ndiye aliyeumia zaidi: mara ngapi alivua koti kazini akagundua kwamba shati lake limenyofolewa mkia! "Shati likishachomekwa," ulimwambia, "nani anauona mkia wake? Labda kama unavua nguo ofisini, hilo utamweleza mkeo." Wewe mwenyewe hukujiweka hata mara moja. Tulipokuuliza, ulisema, "Mimi nimo kwenye uzi. Panatosha."

Tena ulikuwa na sharti lako. Upande wa mwisho wa blanketi haukushonwa mpaka mtoto aonekane. "Nimwone kwanza mwenye mali. Pengine ni mrefu kama mlingoti, nianze kuongeza."

Blanketi la mtoto wa dada yangu ulilianza wiki ileile aliyoolewa. Aliona aibu kweli. "Shangazi, jamani, hata masanduku sijafungua!"

"Fungua taratibu, mwanangu. Mimi natandika tu."

Ugonjwa ulikukuta ukiwa katikati. Ulituachia safu zilizokwisha kuungana, na nyingine umezishikiza kwa pini juu ya shuka, zikisubiri. Kwa miezi mingi hatukuthubutu kuzigusa. Kisha Dada akatuambia kwamba ana mimba, na ikabidi tuthubutu.

Tulishona, tukafumua, tukashona tena. Mama alisema mishono yangu inatembea kama mtu aliyepotea njia. Nami, uliyekuwa ukiniita Profesa wa chuo kikuu asiyejua kutunga sindano, sikuwa na utetezi. Lakini jambo moja nililishikilia mbele ya familia nzima. Mtoto huyu ni wa kwanza katika nyumba yetu ambaye hutampokea kwa mikono yako. Kwake yeye, uzi pekee hautoshi, maana hata huo uzi sasa ni wetu. Sikutaka asimuliwe habari zako tu. Nilitaka alale akiwa amefunikwa na kitu ulichokivaa wewe. Wote walikubali, na hapo ndipo tulipokwama.

Hatukuwa na nguo yako hata moja. Ulitufundisha kwamba nguo isiyovaliwa ni dhuluma, kwa hiyo wiki ile ya kwanza tuligawa kabati lako lote kwa majirani, tena kwa fahari, tukidhani tunakuenzi. Hatukukumbuka kujibakishia hata leso.

Tukaanza kubisha hodi mlango baada ya mlango. Gauni la bluu lilikuwa limegeuka mapazia, na mapazia yamegeuka matambara, na matambara yamekwisha. Sketi ya kazini ilikuwa imehama na mwenyewe. Tulipofika kwa muuza mkaa tulimkuta amelivaa lile gauni lako la kijani, anapima mkaa.

"Mnataka kipande?" alisema. "Chukueni, mama yule alinisitiri sana. Ila pindo nimeshalishusha lote, mimi mrefu kumpita marehemu. Mkikata hapa, wateja watakuja kununua kitu kingine."

Alicheka, nasi tukacheka, lakini njiani Mama alilia. Hatukuweza kuharibu gauni linalovaliwa. Wewe ungetufukuza hadi barabarani.

Siku zilikuwa zinamkimbilia Dada. Alikuwa akikaa, anainuka, akilala, anainuka. Alisema, "Acheni tu, tumalizie kwa vilivyomo," lakini kila jioni aliuliza kama tumepata.

Jumapili iliyopita nililiteremsha Tumbo kutafuta vipande vya safu ya mwisho. Nikavimwaga vyote mkekani, kisha nikaupindua mfuko nje ndani ili niukung'ute nyuzi. Kwa ndani haukuwa umepauka. Ulikuwa wa zambarau, wenye maua madogo ya njano, unang'aa. Nikaona mshono wa kiuno. Nikaona mahali pa mikono, palipozibwa, na shingo iliyofungwa ikawa kitako. Pale mdomoni, kamba ilikuwa imepitishwa ndani ya pindo.

Baba alikuwa anapita na kikombe chake. Akasimama.

"Hilo ni gauni la marehemu dada yangu," alisema. Akakaa chini mkekani, yeye asiyekaa chini. "Alilivaa siku aliyonipeleka shule mara ya kwanza. Nilishika pindo hilo njia nzima. Nilikataa kuliachia hata darasani, mpaka mwalimu akanibandua."

Muda wote huo, Shangazi, tulikuwa tukikutafuta kwa watu, na mikono yetu imo ndani yako.

Hakuna aliyetaka kushika mkasi. Mama aliusogeza kwangu, mimi nikausogeza kwa Dada, Dada akaonyesha tumbo lake kama cheti cha ruhusa. Baba akauchukua.

"Pima kwanza, baba watoto!" Mama akapiga kelele.

"Yeye alipima mashati yangu?"

Akakata pale pale kwenye pindo. Alikata upande upande, vibaya kuliko ungeweza kuvumilia, huku machozi yanamdondoka na Dada anatusihi tuache kumchekesha asije akajifungulia mkekani. Kiraka hicho sasa kipo katikati ya blanketi, kimekaa mshazari, na hakuna atakayekinyoosha. Tumbo halifungiki tena. Tumelirudisha kwenye msumari wake likiwa wazi.

Pande tatu tumezishona. Wa nne tumeuacha, kama ulivyotaka, sindano imechomekwa na uzi wake. Tangu asubuhi Dada anatembea ukumbini, mkono kiunoni, na anasema ni mgongo tu. Shemeji ameuliza mara nyingi iwapo gari la jirani lina mafuta. Baba anainuka kila mlango unapolia. Nami ninayaandika haya kwa ajili yako, na kitambaa cha meza kinatikisika, kwa sababu mguu wangu unakanyaga.

Unakumbukwa na mdogo wako uliyemshikisha pindo. Na wifi yako, anayeitunza cherehani isishike kutu. Na Dada na mumewe. Na Profesa wako, ambaye sasa anajua kutunga sindano. Na majirani wote wanaotembea mitaani wakiwa wamekuvaa. Na huyu ambaye hajafika, ambaye umeshamtandikia.

Hutasahaulika kwetu, Shangazi. Akifika tu, tutampima, na tutaufunga upande wako wa mwisho.