Jina Nililolifuta Kiwandani

Jumatano, Shinyanga. Upepo wa Agosti umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo. Nimerudi kutoka mazikoni, nimeoga, nimekunywa chai, na bado koo limekauka.

Leo tumemzika Doto Nkwabi kule Ibadakuli. Msalaba umeandikwa Kulwa Nkwabi.

Sababu ni mimi.

Humu kwenye blogu yangu nimeandika kila kitu, kuanzia sukari yangu ya damu mpaka ugomvi wangu na jirani juu ya kuku. Hili sijawahi kuliandika. Kila nilipotaka kuanza nilijiambia yule mtu bado yuko hai, nisije nikamharibia. Sasa hayuko hai tena, na kisingizio changu kimekwenda naye.

Nilikuja Shinyanga katikati ya miaka ya themanini, msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Tanga, nimetoka kumaliza mafunzo ya kompyuta Dar es Salaam. Nilipangiwa kiwanda cha kuchambua pamba. Kilikuwa kimepata kompyuta mbili, na hapakuwa na mtu wa kuziwasha. Chumba changu ndicho kilichokuwa na kiyoyozi pekee pale kiwandani. Madirishani, isipokuwa dirisha dogo la kupokelea watu, tulitundika mablanketi ili nyuzi za pamba zisiingie kwenye mashine. Wafanyakazi walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kama wanaingia msikitini.

Programu ya hesabu na mishahara ilinunuliwa nje, imekuja kwenye disketi, imetengenezwa kwa ajili ya viwanda vya huko. Haikujua kibarua wa msimu ni nani. Ilimtaka kila mtu awe na jina la ukoo na tarehe kamili ya kuzaliwa, wakati nusu ya watu wetu walikuwa wameandikiwa Julai mosi kwa sababu mama zao walikumbuka mwaka wa njaa tu. Kazi yangu ilikuwa kuifundisha mambo ya huku. Nikafungua mistari yake mmoja mmoja, nikaongeza, nikapunguza, mpaka ikakubali kumlipa kibarua wa Kisukuma bila kulalamika.

Niliipenda sana kazi ile. Nilikuwa naamka na hamu nayo.

Kisha ikaja barua kutoka makao makuu: viwanda vyote visafishe orodha, viondoe wafanyakazi hewa. Kweli walikuwapo. Kuna watu walikuwa wanachukua mshahara mara mbili kwa majina mawili. Mhasibu Mkuu akaniita akaniambia niitengeneze programu iwakamate yenyewe.

Nilikaa nikafikiri. Jina la kwanza nisingeweza kulitegemea, kwa sababu makarani waliandika wanavyosikia, leo Masanja, kesho Masanza. Tarehe peke yake nayo isingetosha, kwa ajili ya ile Julai mosi. Nikaamua hivi: watu wawili wakilingana tarehe na mwaka wa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama na kijiji, basi ni mtu mmoja. Programu imwache wa kwanza, imfute wa pili.

Nilijiona mjanja sana. Sikuwaza pacha.

Mashine ikatoa karatasi yenye majina tisa. Kabla ya kufuta nilitakiwa kuyavuta mafaili yote tisa niyasome kwa macho. Manane yalikuwa kwenye kabati la masijala, nikayasoma, na kweli wale wanane walikuwa hewa. La tisa lilikuwa stoo ya magunia, ng'ambo ya uwanja. Karatasi ilisema tu "Nkwabi D.", inayofanana na "Nkwabi K." Jua lilikuwa kali. Umeme ulikuwa umerudi na hakuna aliyejua utakaa kwa muda gani. Nikasema moyoni, manane kati ya manane yamekuwa sawa, hili la tisa litakuwa vipi?

Nikabonyeza.

Sikuvuka uwanja. Maisha yangu yote ya kazi, jambo ninalolikumbuka kuliko mengine ni mwendo ambao sikutembea.

Mwisho wa mwezi walikuja wawili dirishani kwangu. Vijana warefu, weusi, sura moja, mashati yote mawili yamejaa pamba mabegani. Nilipoinua uso nikawaona wamesimama bega kwa bega, nilijua kabla hawajafungua mdomo.

"Dada, samahani," akasema mmoja. "Mimi ni Doto. Karani anasema mashine haikuniona."

Mwenzake akaongeza, kwa upole kabisa, "Labda ilituangalia haraka."

Nikawachukua mpaka kwa Mhasibu Mkuu. Nilimweleza kosa, nikamwambia kulirekebisha ni kazi ya nusu saa. Aliwatazama wale vijana wawili, akanitazama mimi, akawaambia wasubiri nje.

"Taarifa imeshafika Dar," akaniambia. "Hewa tisa. Wametupongeza kwa barua. Sasa niandike nini? Kwamba mmoja alikuwa mzima?"

"Ndugu Mhasibu, yuko hapo nje amesimama."

"Nikimrudisha mmoja, wataanza kuuliza habari za wale wanane. Watakuja wakaguzi. Na kitu cha kwanza watakachouliza ni nani aliyefuta bila kusoma faili."

Nilimwelewa. Nikatoka nje nikawaambia wale vijana kwamba msimu ujao tutaona.

Wiki ileile niliirekebisha programu. Mstari mmoja tu. Pacha waliokuja baadaye hawakupata shida yoyote. Lakini namba ya Doto ilikuwa imeshaandikwa hewa kwenye taarifa ya makao makuu, na mlango wa kumrudisha sikuwa nao, au niseme nilikuwa nao nikaogopa kuugusa.

Wale ndugu wakapata njia yao. Kazi ikabaki moja, jina moja, watu wawili. Mwezi huu anaingia kiwandani Kulwa, mwezi ujao anaingia Doto kwa jina la Kulwa. Asiyekuwa zamu alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu. Msimamizi wao hakugundua, au aligundua akapuuza. Mimi niligundua kwenye karatasi za malipo. Kulwa alipokuwa zamu, alama ya dole gumba ilikuwa nzima. Doto alipokuwa zamu, ilikuwa na mstari mweupe uliokatiza katikati, kovu la zamani. Alama nzima, alama yenye kovu, nzima, kovu. Nilikuwa naziangalia kila mwezi kabla ya kufunga faili. Sikumwambia mtu.

Mwaka uliofuata, mvua za mwanzo zilipoanza, duara moja lilititia kule Rwamgasa. Duara ndilo shimo wanaloingia wachimbaji, na magogo ya kuzuia kuta hayakuwa yamewekwa sawasawa. Habari ilifika kiwandani kwa dereva wa lori la pamba: amefukiwa yule ndugu yake Kulwa, yule Doto.

Nilisubiri karatasi ya malipo kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ilikuwa na kovu. Mwezi uliofuata, kovu. Mwezi wa tatu, kovu.

Aliyefukiwa ni Kulwa.

Siku moja mchana Doto alikuja dirishani, peke yake. Nilikuwa sijawahi kumwona mmoja bila mwenzake kwa karibu namna ile, na macho yangu yakaenda yenyewe pembeni yake, yakitafuta mwingine. Aliona.

"Dada, wewe unajua," akasema.

"Najua."

"Kulwa ndiye mwenye kazi. Mimi kwenye mashine sipo. Sasa nikisema Kulwa amekufa, na kazi imekufa. Ana mke, ana mtoto. Mimi nina mama. Kwa hiyo mimi ni Kulwa."

Nilishindwa hata kumpa pole. Ningempaje pole ya ndugu yake, wakati kwenye vitabu vyangu ndugu yake alikuwa mzima na yeye ndiye aliyekosekana? Nikaitikia kwa kichwa tu. Akasema wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, akaenda zake.

Alinishukuru.

Tangu siku ile alifanya kazi pale kwa jina la marehemu. Wakati mwingine, akipita mlangoni kwangu, aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, leo mashine imeniona?" Baada ya mimi kuolewa na kumzaa Neema akawa ananiita Mama Neema, lakini swali halikubadilika. Sikujua kama anatania. Mpaka leo sijui. Kiwanda kilipofungwa na kila mtu akaenda kwake, nilishukuru kwamba sitalisikia tena. Nililisikia. Niliwahi kulisikia nikiwa sokoni nachagua nyanya, nikageuka, hapakuwa na mtu. Nimewahi kuwaona watoto pacha wamebebwa na mama yao, mmoja mgongoni na mmoja mbele, nikavuka barabara nisikutane nao. Neema alipopata mimba na daktari akataka kumpima, mwanangu alifurahi kwamba huenda ni wawili. Mimi nilikwenda kukaa chooni nikalia. Akajifungua mmoja. Nilimshukuru Mungu kwa sababu ambayo sikuweza kumwambia mtu.

Leo, basi.

Katekista alisoma wasifu wa marehemu kwenye spika: Kulwa Nkwabi, mfanyakazi mwaminifu wa kiwanda cha pamba, alizaliwa pacha, ndugu yake Doto alitangulia kwa ajali ya machimboni. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimekaa mkekani katikati ya akina mama, na nilitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine ambaye ameshtuka. Hakuna.

Baada ya maziko niliingia ndani kumpa pole mjane. Wanamwita Mama Limi, kwa jina la binti yake mkubwa. Limi mwenyewe alikuwa amekaa ubavuni mwa mama yake. Nilipiga magoti kwenye mkeka nikaanza na pole, kisha maneno mengine yakatoka kabla sijayapanga.

"Mama Limi, mumeo hakuwa Kulwa."

Alinitazama bila mshangao.

"Hapa nyumbani tulimwita Doto," akasema. "Mimi niliolewa na Doto. Kulwa lilikuwa jina la kazini. Wewe ndiye yule wa kompyuta?"

Nikasema ndiyo.

"Alisema mashine ilikosea."

Hapo ningeweza kunyamaza. Limi alikuwa ameshanishika mkono, kama kunifariji. Miaka karibu arobaini nilikuwa nimefikiri siri ni jina, kumbe jina walikuwa nalo wenyewe, walilitumia kila siku kumwita mezani. Wasilolijua ni lile kosa langu.

"Mashine haikukosea," nikasema. "Ilifanya nilivyoiandikia. Na kabla ya kumfuta nilitakiwa nikalisome faili lake stoo. Sikwenda."

Limi akauachia mkono wangu.

Nje walikuwa wanagawa chakula, nilisikia sahani. Mama Limi akauliza, "Hiyo stoo ilikuwa mbali?"

"Kama kutoka hapa mpaka pale barabarani."

Akageuka akatazama mlangoni. Kutoka pale alipokaa barabara ilionekana, na watu wakipita. Aliitazama kana kwamba anaipima. Kisha akafunika uso kwa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu niingie, akalia kwa sauti. Wanawake wakaja. Nikasogea pembeni, nikasimama ukutani kama mwizi.

Nilitaka kuondoka. Limi akanifuata uani. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari.

"Kaburi la baba mkubwa, Kulwa mwenyewe, kule kijijini halijaandikwa kitu mpaka leo," akasema. "Bibi alikataa waandike Doto, na wakiandika Kulwa, baba angekosa kazi. Liko tupu. Sasa na cheti cha kifo cha baba tunataka kiandikwe Doto, na ofisini wanataka kiapo cha mtu aliyewajua wote wawili, mtu wa kiwandani. Tulitafuta, tukaambiwa wote wamekufa."

"Nitaapa," nikasema.

"Utasema yote? Mpaka hilo la stoo?"

"Mpaka hilo."

Alinitazama kwa macho ambayo sikuyastahimili, macho yaleyale ya wale vijana wawili dirishani kwangu. Hakusema amenisamehe, wala mama yake hakusema. Alisema tu, "Kesho wakili anafungua saa tatu. Uje na kitambulisho."

Nimerudi nyumbani nimetafuta karatasi, nimejaribu kuandika maelezo ya kiapo ili nisibabaike mbele ya wakili. Mara tatu nimeandika "kutokana na hitilafu ya programu", na mara tatu nimekata. Sasa nimeandika hivi: Mimi ndiye niliyemfuta Doto Nkwabi akiwa hai, kwa uvivu wangu, na baadaye nikanyamaza kwa woga wangu.

Yanaonekana machache.

Neema hajui lolote kati ya haya. Husoma humu kila Ijumaa akiwa kazini Mwanza. Mwanangu, ukifika hapa, nipigie. Usinitetee.

Gauni nimeshapiga pasi, kitambulisho kiko kwenye pochi. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mkaguzi yeyote.

Saa tatu nitakuwa mlangoni kwa wakili.