Kuku Aliyekuwa Akiatamia

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Mbinga, tarehe 27 Agosti 2024

Jina: Albina Kapinga. Umri: miaka 63. Kazi: mkulima wa kahawa na mahindi. Makazi: Litembo. Dini: Mkatoliki.

Mimi ni mama mzazi wa Hyasinti. Ni mimi niliyekuja hapa wiki iliyopita kumshtaki mkamwana wangu Devotha kwamba amemlisha mume wake sumu, na baadaye limbwata, dawa ya kumtawala mume. Leo nimekuja mwenyewe, sijaitwa na mtu.

Mnamo tarehe 9 Julai kulikuwa na msiba kwa jirani. Wanawake tulilala msibani kama ilivyo desturi, Devotha na mtoto wake wakiwa pamoja nami. Devotha alikuwa amemwachia mume wake ugali na maharage nyumbani. Baridi ya kwetu mwezi huo si ya mchezo. Mwanangu mdogo, Othmar, alikuwa ameokota makaa ya mawe yaliyodondoka kutoka kwenye malori ya mgodi wa Ngaka, akamletea kaka yake. Hyasinti aliyawasha kwenye karai, akaliingiza chumbani, akafunga mlango na dirisha.

Asubuhi tulimkuta hajitambui. Kuku waliolala humo ndani walikuwa wamekufa wote, na makombo yako sakafuni. Nilisema palepale mbele za watu, "Kuku wamedonoa sumu." Devotha alijibu, "Mama, maharage hayohayo nimekula mimi na mtoto." Sikumsikiliza.

Hospitali walimwekea oksijeni, akapona. Akarudi kuchuma kahawa, anatutania kama zamani. Mwanzoni mwa Agosti akabadilika. Haongei, anaburuta miguu, anajikojolea, hata mtoto wake hamtambui. Devotha akimwambia kaa, anakaa. Hyasinti alikuwa mbishi tangu utotoni, na nilimpenda na ubishi wake. Kumwona anatii vile kuliniuma sana. Nikasema hili ni limbwata, hakuna kingine.

Jana daktari wa hospitali ile aliniita. Alisema hewa ya makaa haina harufu, na humkosesha mtu pumzi. Wengine, wachache sana, hupona kwanza, kisha ubongo unaharibika wiki kadhaa baadaye. Nilimbishia, nikamtajia kuku. Akauliza, "Mama, wote walikula hayo makombo?"

Nikawahesabu kichwani. Mmoja alikuwa akiatamia chini ya kitanda, amefunikwa tenga. Tenga nililifunua mimi asubuhi ile. Huyo hakudonoa kitu, naye alikufa juu ya mayai yake. Niliyaona kwa macho yangu, na bado nikaja kwenu kumshtaki binti wa watu.

Tangu mmchukue Devotha, Hyasinti hali chakula. Nikimwekea ugali anautazama tu. Devotha alikuwa akimshika mkono, akiuongoza na tonge la kwanza hadi mdomoni, ndipo anaendelea mwenyewe. Nilikuwa nikisema hiyo ndiyo dawa yake inafanya kazi. Sasa nimejaribu mimi. Anaukaza mkono.

Naomba mkamwana wangu aachiwe. Ya wiki iliyopita nimeyakana. Haya ya leo ndiyo ninayoyasimamia, hata mbele ya hakimu.

Dole gumba: Albina Kapinga

Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali. Nimemweleza kuwa uamuzi wa kumwachia mtuhumiwa si wangu peke yangu, na kwamba aende nyumbani asubiri. Amekataa. Yuko kwenye benchi la mapokezi na kitenge alichomletea mtuhumiwa. Anasema atampigia magoti kwanza, kisha wapande bodaboda wakamlishe Hyasinti.

D/Koplo Aidan