Skana ndogo na koti la harusi

Ruangwa, Jumapili

Mimi nilitaka ile skana kubwa. Zuhura wangu, mwenye studio yake ya picha, abebe kitu kidogo? Akasema, "Mama, negativu, ile filamu ya picha, inataka taa kwenye kifuniko. Hiyo kubwa haina."

Muuzaji wa Nachingwea akazijaribu zote kwa negativu ya harusi yetu, picha pekee ya marehemu mume wangu iliyobaki. Kubwa ikatoa weusi mtupu. Ndogo ikamtoa baba Zuhura anacheka, meno yote nje!

Mtani wangu Somoe, niliyemchukua aje aone akili ya mwanangu, akaruka: "Koti la mume wangu hilo! Mumeo aliliazima, hakulirudisha!"

Tuliporudi kabeba jogoo wangu, eti fidia. Mtani ana haki ya kuchukua, nitamzuiaje? Abebe tu. Kesho nitamwambia koti lile lilimkaa vizuri mume wangu kuliko mwenye koti.