Hawakuwa na Njaa

Mwanangu,

Ukiamka usiwape samaki chakula, leo wala kesho. Punguza maji kwa theluthi moja tu, kisha jazia yale yaliyolala kwenye ndoo ya bluu. Ya bomba usithubutu, dawa yake itawamaliza. Pampu ya hewa isizimwe.

Wawili wenye madoa meupe nimewatenga kwenye beseni. Chumvi nimeshatia, usiongeze.

~~Yule mweusi mtupe tu.~~ Usimguse. Nimemfunika kwa kitambaa pale dirishani, nitamzika mwenyewe nikirudi kutoka kazini.

Sasa hivi nimempigia muuza samaki. Akaniuliza wako wangapi, nikamwambia thelathini na mmoja. Akasema tangi letu ni la samaki kumi, na uchafu wao umeshageuza maji kuwa sumu. Mwenyewe unajua nani alikuwa akirudi na mfuko mpya kila Jumamosi. Ukiuliza, "Baba, hawa watakaa wapi?" nakuita daktari wa samaki, nyumba nzima inacheka.

Juzi uliponiambia wanakosa hewa nilikufokea. Nisamehe, mama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo nalo nimeliona.

Kila nilipokaribia walipanda juu midomo wazi. Nikadhani wananifurahia, nikawamwagia chakula, hata leo alfajiri. Yule mweusi ndiye aliyekuwa akinikimbilia wa kwanza.

Baba yako