Taulo Moja, Ng'ombe Watatu

Naila, siamini. Siamini kabisa!

Ng'ombe wa tatu pia amevimba kiwele. Maziwa inatoka na mabonge. Nimeita daktari wa mifugo nikiwa moto: nimemfukuza Muli, kijana wetu wa kukamua, nikisema anakamua na mikono michafu, naosha viwele kila siku, na bado tu!

Akaniuliza, "Mama Nthiwa, ukishaosha unapangusa na nini?"

Nikamwonyesha taulo yangu nyeupe, nikijidai.

"Na hawa wengine?"

"Hiyo hiyo."

"Mama, ni wewe unawaambukiza. Kila ng'ombe na kitambaa yake."

Hiyo hiyo! Nimesema mwenyewe, na mdomo yangu!

Na wamama wote wa kikundi cha wafugaji hapa Kalamba, nani aliwafunza kupangusa? Mimi. Kila mmoja nikampa taulo.

Moja.