Geji ya Oili ya Trekta la Babu

Jumamosi, Novemba ndiyo imeanza. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata zizi la ng'ombe sikuliona nikiwa mlangoni. Sasa ni saa kumi alasiri na jua limetoka. Nimekaa kwenye ngazi ya jikoni na mikono yangu inanuka oili. Nimenawa mara tatu, na kila nikishika sabuni nacheka peke yangu.

Nianze mwanzo, maana kuna jambo nataka kukiri.

Babu alifariki mwaka jana akatuachia trekta lenye umri mkubwa kuliko baba yangu. Rangi nyekundu imebaki kwenye boneti tu. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananipandisha juu ya madigadi, lile bati linalofunika tairi, tukienda shambani, nami nashika kitabu na kusoma kwa sauti, kurasa nzima, kwa sababu ngurumo ya injini ilikuwa inaimeza sauti yangu yote. Babu hakusikia neno, lakini alitikisa kichwa kama anayesikia. Kuna siku aliizima injini ghafla na sauti yangu ikabaki peke yake katikati ya sentensi. Nikanyamaza palepale. Babu akacheka, "Endelea bwana, kumbe una sauti!"

Sikuendelea.

Mimi ndivyo nilivyo. Niko kidato cha tatu, na darasani nikijua jibu naliandika pembeni ya daftari, halafu namsikiliza mwenzangu akilisema.

Mwezi wa tisa, Ba'mdogo Festo, mdogo wake baba, aliliwasha trekta ili alijaribu kabla ya kilimo. Kipaipu chembamba kinachopeleka oili kutoka kwenye injini hadi kwenye geji kikapasuka, oili ikamrukia kwenye suruali. Akazima mbio. Geji yenyewe ilikuwa imekufa miaka mingi, mshale umelala kwenye sifuri. Kazi yake ni kuonyesha kama pampu inasukuma oili. Oili isipofika, vyuma vinasagana na injini inanoki, inakufa kabisa. Babu aliendesha kwa kusikiliza tu. Ba'mdogo alisema yeye hana masikio ya Babu, na bila geji hawashi.

Bibi akasema sawa, basi mnunuzi wa vyuma chakavu aje. Shamba la bondeni linataka kulimwa, na trekta bovu halilimi. Mnunuzi akapanga kuja leo, na mitungi yake ya gesi ya kukatia.

Hapo ndipo nilipokitoa kabatini kitabu cha trekta. Kiko kwa Kiingereza na kimejaa maandishi ya penseli ya Babu. Nilikisoma wiki mbili nzima badala ya Kemia. (Mwalimu wa Kemia, kama unapita humu, samahani.) Nikamwambia Ba'mdogo kwamba geji na kipaipu vinabadilishika, wala injini haifunguliwi. Kwa kweli sikumwambia. Nilimwandikia kwenye karatasi nikaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Akaisoma, akaniita: "Profesa! Basi nenda Makambako ukalete."

Jumatano baada ya shule nilisimama nje ya duka la vipuri vya malori karibu robo saa. Wateja wote walikuwa wanaume, na wote walikuwa wanaongea kwa pamoja. Mwenye duka, mzee wa kofia na kanzu, akanyoosha shingo juu yao.

"Binti, unangoja basi au unaningoja mimi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Sogea, mimi sing'ati."

Nikaiweka geji ya zamani mezani. Akaigeuza, akapuliza vumbi. "Hii mmeitoa makumbusho?" Watu wakacheka, lakini yeye akaingia ndani akatafuta kweli, akarudi na geji ya lori ambayo nyuzi zake za kufungia zinalingana na za ile ya zamani. Kipaipu cha shaba alikikata kwa jirani yake, fundi friji. Akanionya nisikikunje kwa kona kali, na nisiache vumbi liingie ndani njiani.

Sasa ungamo.

Kwetu sabuni ya mche inaziba kila kitu. Tangi la dizeli likivuja, Babu alikuwa anakandika sabuni na safari inaendelea. Bibi alikuwa amenituma mche mmoja. Basi pale stendi nikaukata pembe mbili kwa kisu cha muuza miwa, nikasokota vipande viwili, nikaziba ncha zote mbili za kipaipu. Nilijiona fundi kamili.

Jana tulivifunga kwenye trekta. Ba'mdogo alishughulika na upande wa injini, akaitoa sabuni ya ncha ile na kukaza nati. Mimi nilipewa upande wa geji kwa sababu mkono wangu ni mdogo, unapita nyuma ya dashibodi. Huko huoni kitu, unapapasa tu. Niliikaza nati vizuri sana.

Leo asubuhi mnunuzi alifika na gari lake. Ba'mdogo akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Wote tukaangalia geji mpya.

Mshale haukusogea. Hata unywele.

Ba'mdogo akazima. Ukimya ulioingia pale uani nimewahi kuusikia mara moja tu, juu ya madigadi.

"Pampu imekufa," akasema taratibu, hata hakuniangalia.

"Poleni," mnunuzi akasema. "Chuma hakifi lakini. Mwakani mtakiona kimekuwa nondo za nyumba ya mtu."

Bibi alikuwa anafua pembeni. Akasimama, akakung'uta povu mikononi. "Haya, likateni. Ila anzeni na upande wa huko, mimi nisione."

Aliuacha mche wa sabuni juu ya jiwe. Nikauangalia. Ulikuwa na mapengo mawili.

Mawili. Na mimi niliona kipande kimoja tu kikitolewa.

Nataka niandike ukweli wa sekunde zile, kwa sababu ndizo zilizonifanya nifungue blogu leo. Nilijua. Nilijua kabisa, na bado nilisimama kimya. Mnunuzi alikuwa ameshashusha mtungi mmoja. Niliwaza watakavyocheka, niliwaza karatasi chini ya kikombe cha chai. Lakini hapakuwa na kikombe wala karatasi, na hapakuwa na injini ya kuimeza sauti yangu.

"Subirini," nikasema. Ikatoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Acha tu, Profesa. Umejitahidi."

"Ba'mdogo, pampu ni nzima! Ni mimi. Nimesahau sabuni ndani!"

"Sabuni?" Bibi akageuka. "Sabuni yangu?"

Nikapenyeza mkono nikafungua nati nyuma ya geji, Ba'mdogo akakivuta kipaipu nje. Kwenye ncha kilikuwa kimekaa kizibo cheupe, kimetulia kama jino. Mnunuzi alicheka mpaka akakalia mtungi wake. "Mama, trekta lako linaogeshwa! Ndiyo maana limeishi!" Bibi naye akacheka, na ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Masikio yangu yaliwaka moto. Lakini sikukimbia.

Tukasukuma sabuni kwa waya wa spoki, tukakipuliza kipaipu, tukakirudisha. Nikamwambia Ba'mdogo, kwa mdomo, kwamba kitabu kinasema nati ya geji iachwe imelegea kidogo ili hewa itoke kwanza. Akazungusha hendeli. Nikaweka kidole nyuma ya dashibodi mpaka nikahisi oili ya uvuguvugu inachuruzika, nikakaza.

Mshale ukatetemeka. Ukapanda kumi, ishirini, ukasimama arobaini.

Ba'mdogo alivua kofia yake, akanivalisha. Imejaa grisi na bado nimeivaa.

Mnunuzi alikunywa chai, akaondoka na jembe la sahani lililovunjika ambalo Bibi alimpa asiende mikono mitupu. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza nisiache kuoga.

Nimekirudisha kitabu kabatini, lakini kwanza nilifungua ukurasa wa geji. Pembeni Babu aliandika kwa penseli: Mshale umekufa. Nasikiliza. Chini yake nimeandika: Mshale umefufuka. Arobaini injini ikiwa baridi, ishirini na tano ikipata moto. Sabuni ilikuwa yangu.

Ishirini na tano si nyingi. Kitabu kinataka zaidi kidogo, na Ba'mdogo anasema injini imechoka, tutakuwa tunaipumzisha kila baada ya saa moja. Mimi naona inatosha. Kwa shamba la bondeni inatosha.

Kesho ni kanisani. Jumatatu nikitoka shule tunaanza kulima, na kazi yangu ni kukaa madigadi na kuuchunga mshale. Nitabeba na kitabu, nisome kwa sauti zile nyakati macho yanapopumzika.

Na injini ikizimwa katikati ya sentensi, nitaimalizia sentensi.