Mpira wa Katikati ni wa Nani

Mpendwa pacha wangu Goreti,

Anayekuandikia ni Furaha, ambaye alikufa mwezi uliopita. Usishtuke. Nilishashtuka mimi kwa niaba yetu wawili, na bado sijamaliza.

Nilikuwa hapa Nyamityobora, mjini Mbarara, kwenye cherehani, nashona sare za shule, Mama aliponipigia simu kutoka kambini Nakivale. Hata salamu hakunipa. "Furaha, uko muzima?" Nikamwambia niko mzima. Akasema, "Basi kuja unisaidie kupika. Batu beko mingi hapa kwetu, banasema ulikufa."

Ilikuwa wiki ile uliyoshinda kombe la tenisi la wawili wawili na yule mwenzako mrefu. Mwandishi alikuuliza ni nani aliyekufundisha kucheza mipira ya katikati namna ile, nawe ukajibu kwamba ni dada yako, mliyekua pamoja kambini, na kwamba ulimpoteza. Katekista wetu akaisoma habari hiyo kwenye simu, akaitafsiri kwa moyo wote katika kundi la WhatsApp la parokia: Goreti wetu ameshinda, ila ana majonzi kwa kuwa alimpoteza dada yake. Unawajua watu wetu. Dada aliyepotezwa katika sentensi kama hiyo hatafutwi, analiliwa. Kabla ya saa sita mchana Mama alikuwa amepokea kuni, maharage, na wanawake wa Burundi na wa Kongo kwenye mkeka mmoja, wakibishana wimbo upi uanze.

Nilipofika alasiri, mmoja wao alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaendelea kuchambua mchele. Alikuja kwenye kilio, na hakuna aliyemwambia kwamba kilio kimefutwa. Wengine walinipa pole. Mama alisimama kati yao na mwiko mkononi: "Huyu iko hapa, munamuona. Sasa hii maharagi tutaifanya nini?" Tukaila. Nilicheka pamoja nao, nilicheka kweli. Lakini kesho yake niliporudi Mbarara kicheko kilikuwa kimeniisha, na nikabaki na swali ambalo mpaka sasa sijui niliweke wapi.

Ulisema nini hasa, Goreti?

Nimeisoma habari ile kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, mara nyingi kuliko ninavyosali. Ni neno lile lile mtu analolitumia akipoteza ufunguo na akipoteza mzazi. Labda ulijibu kwa Kifaransa, kwa kuwa huko Kanada mnakiongea. Nimeuliza, na Kifaransa nacho kina ugonjwa huo huo. Kiswahili ndicho hicho kilicholeta kuni mlangoni kwa Mama. Lugha tatu, na hakuna hata moja inayonijulisha kama mimi ni ufunguo au marehemu.

Nikitaka kukukasirikia, nakumbuka jinsi ulivyokuja kwetu. Ulikuwa na miaka saba, mama yako amefariki, mkononi una kikombe cha plastiki, na tabia ya kulala katikati ya kitanda. Tulizaliwa wiki moja, wewe Burundi na mimi Kongo, kila mmoja ng'ambo yake ya ziwa. Mama akasema basi, mapacha, na hakuna aliyembishia. Nyumbani neno "yangu" lilikuwa marufuku. Sahani ilikuwa moja, blanketi moja, ndara pea moja ya kwenda msalani. Mtu akisema "yangu", Mama alimkata palepale: "Hapa hakuna ya mutu. Sema yetu."

Ndipo akatokea Afande. Polisi wa Base Camp, kwenye ofisi za kambi, mtu wa Bwizibwera, ambaye ujanani alikuwa akiokota mipira ya maofisa wa jeshi waliocheza tenisi, na tangu hapo mchezo haukumtoka kichwani. Alileta raketi zilizolegea, akafunga wavu wa wavuvi wa Ziwa Nakivale kwenye nguzo mbili za mkaratusi, akachora mistari kwa majivu. Wavu ulinuka samaki hadi siku ulipochanika. Mimi akaniweka kushoto, wewe kulia. Mpira wa kwanza kabisa tuliopigiwa ulikuja katikati yetu. Wewe ukaita "yetu", mimi nikaitika "yetu", tukasimama kwa adabu, tukautazama ukipita.

Afande alitujia taratibu, mikono nyuma.

"Mimi nauliza nyinyi. Hii mpira ya katikati ni ya nani?"

"Yetu," ukamjibu, na ulikuwa unaringa kidogo, kwa sababu nyumbani hilo ndilo lilikuwa jibu sahihi.

"Yetu hana mkono," akasema. "Ya katikati ni ya huyu ya kushoto, mkono yake ya nguvu iko hapa ndani. Kama yeye naogopa, ile ingine nasema yangu. Lakini mtu moja lazima naita. Kama hapana ita, mpira napita tu."

Ilinichukua wiki nzima kulitoa lile neno kinywani. Mara ya kwanza niliposema "yangu" nilijiona kama nimeiba nyama kwenye sufuria ya Mama, nikageuka kuangalia kama yupo. Ulinicheka mpaka ukakaa chini. Baadaye nililipenda. Nakuambia wewe tu, ingawa barua hii wataisoma wengi: nililipenda sana.

Afande alipostaafu akapewa kutunza kiwanja cha klabu hapa mjini, naye akatuleta Mbarara kila likizo. Asubuhi alitukimbiza hadi Ruti na kurudi. Wawili wawili tuliwashinda mabinti wenye viatu vyeupe na chupa za maji zenye majina yao. Peke yako hukuweza kitu, usikatae. Ukiachwa mwenyewe kiwanjani ulikuwa unageuka-geuka kama mtu aliyesahau mtoto sokoni. Leo watangazaji wanakusema hivyo hivyo kwa maneno ya heshima: kwamba ukicheza peke yako unatolewa mapema, lakini ukipewa mwenzako unakuwa mtu mwingine. Nikiwasikia natamani kuwaambia kwamba si mtu mwingine, ni yule yule aliyelala katikati ya kitanda.

Kisha ikaja ile habari ya karatasi. Karatasi ya mgao wa chakula ilikuandika kwa shangazi yako, aliyekaa kambini humo humo, ingawa ulilala kwetu, na shangazi yako ndiye aliyeitwa kwa ajili ya kwenda Kanada. Tulikuwa na miaka kumi na mitano. Mama alikuwa anakusuka nywele ili upendeze siku ya kuhojiwa, nami nilikuwa nimekaa palepale, nimeshika kitana.

"Bakikuuliza kama uko na dada, sema hapana."

"Lakini niko naye, Mama. Ni huyu hapa."

"Kwa karatasi hauko naye. Ukisema uko naye, bataanza kuuliza mingi, na hiyo fasi yako itaenda kwa mwingine."

Uliinamisha kichwa asuke kisogoni. Mimi nilimpa Mama kitana alipokiomba. Uliporudi kutoka kwenye mahojiano ulikula, ukaosha sahani, ukanikanyaga kwa kusudi kama kawaida yako. Sikukuuliza ulijibu nini, na wewe hukuniambia. Sijui mpaka leo. Ndiyo maana hili neno la juzi linanivuruga zaidi. Kama siku ile ulisema huna dada, sasa umewezaje kumpoteza? Na kama ulisema unaye, ni nani aliyemfuta? Wakati mwingine nafikiri unaogopa mtu fulani wa ofisini atalinganisha majibu yako ya zamani na ya sasa. Wakati mwingine nafikiri dada aliyekufa ni rahisi kumweleza mwandishi, maana dada aliye hai lazima uulizwe yuko wapi na kwa nini.

Sikufichi kwamba nimekufuatilia. Najua wenzako wote watatu uliocheza nao. Yule wa kwanza alikuwa mnunaji, hamkufika mbali. Wa pili mlishinda makombe madogo, kila mmoja akishika sikio moja la kikombe, na ulikuwa mwembamba mpaka Mama akaanza kunung'unikia skrini. Huyu mrefu ndiye dawa yako. Anapokwenda kuanzisha mpira, wewe unasimama karibu na wavu na kuficha mkono mgongoni kumpa ishara. Ni vidole vitatu, Goreti. Mafiga matatu. Tuliitunga sisi, mbele ya jiko la Mama: mafiga hayahami, kwa hiyo usihame. Yule mrefu wa watu anajua vidole vitatu vina maana gani, ila hajui ni vya jiko gani. Nilirudia video hiyo mpaka bando likaisha.

Halafu nikaona jambo jingine, na hapo nikachanganyikiwa kabisa. Umehamia kushoto. Uko upande wangu, mipira ya katikati ni yako, na unaita kwa sauti ambayo hukuwa nayo. Sijui kama umeichukua nafasi yangu au umeitunza. Nimejaribu kuona wivu na nimeweza kidogo tu. Nimejaribu kuona fahari, ikaja nyingi, halafu ikaniuma.

Jumamosi huwa nakwenda kiwanjani kufundisha wasichana. Afande bado yuko, nywele zote nyeupe, ana ng'ombe wake Bwizibwera na bado anavuta ule mtambo wa kusawazisha udongo kana kwamba maofisa wako njiani. Nilimweleza yote, maharage na lugha tatu, nikamuuliza yeye anaelewaje. Hakusimamisha mtambo.

"Yeye nasema alipoteza wewe. Sawa. Ng'ombe yangu kama napotea, mimi natafuta. Lakini ng'ombe nayo nalia, ndiyo mimi najua iko wapi. Wewe nalia wapi?"

Sikupenda kufananishwa na ng'ombe. Nilikwenda kukusanya mipira iliyokuwa tayari imekusanywa.

Sasa nifike pale nilipokuwa nazungukazunguka. Ile simu yangu ya zamani ninayo bado, imevunjika kioo. Ndani yake kuna ujumbe wako wa mwisho, wa miaka sita iliyopita. Ni neno moja. "Uko?"

Niliuona siku hiyo hiyo. Ilikuwa siku tuliyoambiwa kwamba faili letu la kwenda ng'ambo, la Mama na mimi, halitaendelea. Nilikuwa nimekaa nje ya ofisi pale Base Camp, nimeshika karatasi ile, na wewe ukaingia kwenye simu na "uko" yako. Nilikuchukia kwa dakika kama tano hivi. Nikasema nitajibu kesho. Kesho nikaona aibu ya jana. Baadaye nikahamia Mbarara, nikabadilisha namba, nikajiambia kwamba ukinitaka utanitafuta kwa Mama. Naye Mama simu yake ilikuwa imeibiwa, na hilo nililijua. Ulipoanza kushinda, nikajiambia kwamba nikikuandikia sasa watu watasema naomba. Sababu zangu zote zilikuwa nzuri, ndiyo maana zilinitosha miaka sita.

Kwa hiyo labda katekista hakukosea sana. Uliuliza kama niko, hukupata jibu. Mtu mwenye akili afikiri nini? Hata hapa sina hakika. Inawezekana hukuwaza lolote kati ya haya, ulikuwa umechoka tu, una jasho, mwandishi anakuharakisha, ukasema neno la kwanza lililopatikana. Nikikuona nitakuuliza, na ninaogopa jibu lolote utakalonipa.

Namba yako ya zamani haipokei, na kurasa zako zimejaa wageni wanaokurushia mioyo. Ndiyo maana naandika waziwazi. Nimeliliwa hadharani bila kuwepo, basi nami nijibu hadharani. Mama anakusalimia. Anasema ukija ule kwanza, maelezo baadaye. Afande anasema unaukaribia wavu mno.

Najua sasa na wewe unasimama kushoto, na kwa kanuni ya Afande sijui tena nani kati yetu anapaswa kuita. Nimengoja kwa adabu vya kutosha. Mpira huu ni wangu.

Niko.

Pacha wako,
yule wa kushoto wa kwanza